Kinyozi wa Ng'ombe Akabidhiwa Kipaza Sauti

Katika kaunti nzima ya Wending hapakuwa na ng'ombe mwenye mgongo mbaya, kwa sababu palikuwa na Verlyn Brandsgard. Mgongo mbaya ulizaliwa kama kawaida, ukanyonya, ukakua, lakini ikifika Julai, wiki ya maonyesho, ulikuwa umeshapotea. Mtu alimleta kwake ndama mwenye bonde kiunoni na miguu myembamba ya kutia huruma, akaondoka na mnyama aliyenyooka juu kama ubao wa kupigia pasi. Hakuna mfupa uliokuwa umesogea. Ni manyoya tu.

Kazi yenyewe haina siri kubwa. Palipopungua unayaacha marefu, palipozidi unayanyoa hadi ngozi, na katikati unayachanganya kwa mashine mpaka jicho lisijue mpaka uko wapi. Shingo na kidari vinanyolewa ili mnyama apendeze mbele. Miguu inapulizwa gundi, manyoya yanachanwa kwenda juu, yanasimama, na kiguu cha mbuzi kinageuka mguu wa dume. Mwisho inapulizwa rangi, nyeusi kwa weusi, kuficha alama za mashine. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Verlyn alikuwa fundi wa mikakasi kwa miaka thelathini na hakuona haya hata chembe. Mtu akimtupia neno alimuuliza, "Wewe mkeo siku ya harusi alikuja na nywele za kuamkia?"

Alipenda sana kuuinua mkono wake wa kulia mbele za watu. "Huu," alisema, "huu hapa." Mkono ambao haukuinuliwa popote ulikuwa wa mkewe, Ardis. Manyoya hayakai yenyewe katika joto la Iowa la Julai. Ng'ombe mwenye akili zake huyapukutisha yote na kushukuru. Ili yabaki, lazima mnyama aogeshwe maji baridi kila asubuhi, akaushwe kwa mashine ya upepo huku manyoya yakisukumwa mbele na juu, apigwe brashi mpaka bega la mpigaji liume, kisha ashinde mbele ya feni kwenye banda lililofungwa madirisha. Hayo yote aliyafanya Ardis, kuanzia majira ya kuchipua. Halafu Verlyn alikuja na mashine ya kunyolea, akazunguka mnyama kwa muda, akapiga mluzi, na watu wakasema ule mkono wake ni baraka.

Ardis hakuwa mwanamke wa kumeza maneno. "Mkono mzuri unao," alimwambia mezani, "ila migongo ni yangu." Verlyn alicheka na kuomba chumvi. Alidhani ni utani.

Kitu kimoja tu alikitaka duniani na hakuwa nacho: kuwa jaji. Majaji walitoka mbali, wakiwa na mashati yaliyopigwa pasi na buti ambazo hazijakanyaga samadi. Walitembea polepole uwanjani, kidevu mkononi, halafu wakapewa kipaza sauti na kutoa sababu, maana katika maonyesho haya jaji hawezi kumpa mtu ushindi kimya kimya; lazima aueleze umati kwa nini wa kwanza ni wa kwanza na wa pili ni wa pili. Mwisho jaji hupita nyuma ya mstari wa ng'ombe, watu wote wakiwa wameshika pumzi, akampiga mmoja kofi la matakoni kwa kiganja wazi. Huyo ndiye bingwa. Wanaume wazima, ambao hawakulia kwenye mazishi ya baba zao, hulia hapo. Verlyn alikuwa amewatengenezea wenzake makofi mengi na hajawahi kupiga hata moja. Akiwa peke yake garini alitoa sababu kwa sauti, akiwahukumu ng'ombe wa malishoni kando ya barabara, na siku moja Ardis alimkuta jikoni akilizunguka friji.

Lakini hakuna aliyemwita. Fisi hakabidhiwi bucha.

Basi mwaka huo jaji aliyekuwa amekubali kuja alipanda ngazi kusafisha mifereji ya paa lake, akateremka kwa njia ya mkato, akavunjika nyonga. Roxanne Thiede, mwenyekiti wa kamati ya ng'ombe, mwanamke aliyelala na kalamu sikioni, akaja mpaka kwa Verlyn na uso wa mtu aliyepiga simu siku nzima.

"Nimeuliza kila mahali, Verlyn. Wote wana kazi."

"Kwa hiyo mimi ndiye wa mwisho."

"Wa mwisho kabisa. Kabla yako nilimuuliza daktari wa mifugo, akasema watu wengi wanamtia kichefuchefu."

"Nakubali."

"Sijamaliza. Mwaka huu hugusi ng'ombe wa mtu. Hata brashi. Nikikuona na mashine mkononi nakufuta palepale."

"Roxanne, nimeshakubali."

"Na ukipewa kipaza sauti, usihubiri."

Hilo hakuliahidi.

Asubuhi iliyofuata alikwenda ghala la ushirika, ambako wakulima hukaa na kahawa nyepesi kulalamikia mvua, iwe imenyesha au haikunyesha. Alisubiri wote wawe na vikombe.

"Mwaka huu," alisema, "manyoya hayatamwokoa mtu. Namwangalia ng'ombe mwenyewe, siangalii kofia yake."

"Kofia nusu yake umezishona wewe," alisema Merle Haack, rafiki yake wa tangu shule.

"Ndiyo maana nazijua. Muulize mwizi dirisha gani halifungi."

"Kinyozi hajinyoi, Verlyn. Akijinyoa hujikata."

Verlyn alivua kofia akakionyesha kipara chake. "Nikate nini hapa, Merle?"

Walicheka, na kicheko kikampanda kichwani. "Sikilizeni," akasema. "Mkisikia hata siku moja nimedanganywa na manyoya, mtu asiniite fundi tena. Jina langu lote nimeliweka hapo." Akaigonga meza, kahawa ya Merle ikamwagika. Jina hasa ndilo alilokuwa nalo. Shamba lilikuwa dogo na mahindi ya mwaka huo hayakuwa ya kusifiwa na mtu.

Wa kwanza kuumia alikuwa Leland Kupka, kapera mzee wa shamba la jirani, mzito wa masikio, mwenye sauti ya mtu anayeita ng'ombe hata akiwa kanisani. Alikuja na mtamba wake mmoja mweusi, Pansy, kwenye trela. Mtamba mzuri wa tabia, lakini nyuma ya bega alikuwa na shimo la kutosha kuwekea sahani ya supu. Verlyn hakuchungulia hata ndani ya trela.

"Nimekuletea Pansy," alisema Leland.

"Siwezi, Leland. Mimi ni jaji sasa. Ni suala la maadili."

"Mwaka jana hukuwa nayo."

"Mwaka jana sikuwa jaji."

"Sasa nimpeleke wapi? Mikono yangu hii hata sindano haishiki."

"Mpeleke alivyo. Safi, mkweli. Namtafuta ng'ombe wa namna hiyo."

Leland alimtazama Pansy, akamtazama Verlyn, akapanda gari bila kuaga. Kwenye kibaraza cha nyuma Ardis alikuwa amekaa akimenya maharage mabichi, na alisikia kila neno. La Leland lilisikika hata na majirani.

Kuanzia kesho yake Ardis alikuwa akitoka mapema. "Nakwenda kwa Leland," alisema, na hakuwa anadanganya. Verlyn aliamini anampelekea mzee chakula. Alirudi mikono ya shati imelowa na suruali imejaa manyoya meusi, na Verlyn, akiwa mbele ya kioo na shati jeupe jipya, alimuuliza kama kola imekaa sawa. Mashine mojawapo ya kunyolea haikuwa kwenye ndoano yake ukutani. Alidhani ameiazimisha. Mtu aliyekuwa akijinoa kuona makosa yaliyofichwa alipishana nayo jikoni kila siku akayasalimia.

Siku ya maonyesho jua lilikuwa kali, maranda ya uwanjani yalinukia mti mbichi, na majukwaa yalijaa mpaka juu, kwa sababu Merle alikuwa amelitangaza neno la Verlyn kwa kila mwenye masikio. Verlyn aliingia na suruali ya rangi ya mchanga. Nitasema ukweli, alipendeza. Alitembea polepole, kidevu mkononi, na alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuipata hata siku ya ndoa yake, jambo ambalo alilisema mwenyewe baadaye, na halikumsaidia.

Alifanya kama alivyoahidi. Alimkaribia kila mtamba, akapitisha vidole kwenye manyoya, akagandamiza, na kila alipogandamiza palizama. Wenye ng'ombe, wakikosa mkono wake mwaka huo, walikuwa wamepambiwa na vijana wa kuokoteza waliomwaga gundi kama sharubati. Wanyama walimeta kama viatu vipya.

"Huyu," alisema kwenye kipaza sauti mbele ya mtamba wa Connie Uhlman, mteja wake wa siku nyingi, "ana shimo hapa lililojazwa kama godoro."

"Shimo hilo ulilijaza wewe kwa mama yake," alisema Connie bila kuinua sauti sana.

"Ndiyo maana najua kina chake."

Watu walicheka, ila Connie hakucheka, na wengine waliomfuata hawakucheka kabisa. Mmoja baada ya mwingine Verlyn aliwavua nguo wateja wake wote wa zamani mbele ya majirani. Alijiona mtu wa haki.

Mwisho akabaki mtamba mmoja ambaye hajaguswa, na huyo wa mwisho kwenye mstari alikuwa Pansy, kamba yake ikishikwa na Leland aliyevaa kofia ya Jumapili.

Verlyn alisimama. Manyoya ya mtamba yule hayakumeta. Yalilala kama ya mnyama aliyetoka kwenye nyasi dakika ile, laini, na chini yake mgongo umenyooka toka bega hadi mkia. Alimzunguka mara moja, akamzunguka tena. Alinyoosha vidole nyuma ya bega ili agandamize, kisha akavirudisha. Aliona kumgandamiza mnyama wa namna hiyo ni kumtukana.

Akachukua kipaza sauti. "Ndugu zangu, leo mmeniona nikitafuta. Nimetafuta ng'ombe chini ya gundi, nikachoka. Huyu sikumtafuta. Leland Kupka amemleta kama alivyozaliwa. Hakuna mashine iliyomsaidia, hakuna mkono wa mtu. Jicho lililokaa miaka thelathini kwenye kazi hii halidanganyiki. Mgongo kama huu hautengenezwi."

Majukwaani watu walianza kukohoa. Kina mama wa meza ya keki walitazama viatu vyao; kwa Leland njia ilikuwa moja, na kila aliyepita asubuhi alikuwa ameona gari la Ardis. Ardis mwenyewe alikaa safu ya tatu na bilauri ya maji ya limau ambayo hakuyanywa. Alitegemea Pansy apate nafasi ya tatu, mzee Leland afurahi, mambo yaishe. Sasa alimtikisia mumewe kichwa, taratibu, kushoto na kulia. Verlyn alimwona. Akafikiri, maskini, hajawahi kunisikia nikisema vizuri hivi.

Akapita nyuma ya mstari. Watu wakashika pumzi. Akauinua mkono wake wa kulia, huo huo, akampiga Pansy kofi zuri lililosikika mpaka kwenye banda la nguruwe.

Mkono haukurudi mara moja. Ulinasa kidogo, ukatoka kwa sauti ya kubanduka, na Verlyn alipougeuza, kiganja kilikuwa cheusi tii, kina gundi, kina manyoya ya shina la mkia yaliyokuwa yamejengwa moja moja kwa chanuo. Safu zote za mbele zilikiona.

"Leland," alisema, akisahau kwamba kipaza sauti kiko mdomoni, "nani amemnyoa mtamba wako?"

Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi Leland alisikia swali lote, maana spika ilikuwa juu ya kichwa chake. Akajibu kwa sauti yake.

"Ardis! Ardis wako! Amekuja kila siku!"

Kikulacho ki nguoni mwako, na wakati mwingine kinakupikia mayai ya asubuhi. Umati ulipasuka. Connie Uhlman alilazimika kumshikisha jirani kamba ya mtamba wake ili acheke vizuri.

Roxanne alikuja mbio na kitabu cha kanuni. Alipekua mbele, akapekua nyuma. Kanuni zilimkataza ndugu wa jaji kuleta ng'ombe wake. Juu ya mke wa jaji kumpamba ng'ombe wa mtu mwingine hazikusema kitu, kwa kuwa walioziandika, wanaume wote, hawakuwahi kufikiri mke anaweza.

"Hakuna kinachokataza," alimwambia Verlyn, akikiziba kipaza sauti kwa kiganja. "Uamuzi ni wako. Ukitaka kumwondoa, mwondoe."

Aibu ilimpanda Verlyn shingoni ikakifunika kipara chote. Uongo ulikuwa tayari ulimini, tena uongo mzuri: nilijua tangu mwanzo, nilitaka niwapime. Watu nusu wangeamini. Pansy angeondolewa, jina lingepona. Akatazama safu ya tatu. Alitegemea kumwona Ardis akicheka. Ardis hakuwa anacheka. Alikuwa anamtazama Leland, ambaye alikuwa amevua kofia ya Jumapili na anamfuta nayo Pansy usoni, hajui kama ameshinda au anashitakiwa.

Verlyn alirudi kwenye bega la mtamba. Sasa aligandamiza. Vidole vilizama mpaka kwenye fundo la pili.

"Shimo lipo," alisema kwenye kipaza sauti. Watu walinyamaza ili wasikie. "Ni kubwa. Sikuliona. Mashimo niliyoyajaza mimi, leo nimeyapata yote, hakuna hata moja lililonipita. Hili limenipita. Kofi likishapigwa halirudi, kwa hiyo bingwa ni Pansy, na aliyempamba ni mke wangu, na ni hodari kuliko mimi. Hizo ndizo sababu zangu."

Alitaka kuendelea. Roxanne akamnyang'anya kipaza sauti.

Alimkuta Ardis bandani, Pansy amefungwa kwenye kibanio cha chuma, utepe wa zambarau wa bingwa umetundikwa msumarini. Alikuwa akiitoa gundi kwa mafuta na sabuni, maana gundi ikiachwa inakula manyoya. Shimo la nyuma ya bega lilikuwa limeshaanza kuonekana.

"Ungeniambia," alisema Verlyn.

"Ungeniuliza. Nilipita mbele yako kila siku nimelowa kama bata."

"Nilidhani unapeleka chakula."

"Na chakula pia nilipeleka."

Verlyn alikitazama kiganja chake. Alikuwa amekisugua kwenye suruali, na sasa suruali nayo imeharibika. "Hapa nyuma ya bega, umefanyaje? Mimi pangeonekana. Mimi huwa napaacha parefu sana."

"Najua. Nimekuambia tangu mwanetu Kenny hajazaliwa." Ardis hakugeuka. "Unayakata manyoya ya kuzunguka shimo, ya shimoni unayaacha kama yalivyo. Wewe unapenda kuongeza. Punguza."

"Ulinitikisia kichwa."

"Nilikutikisia mpaka shingo ikauma."

Jambo hilo lilimuuma Verlyn, hakuna haja ya kuficha, na kilichomuuma zaidi ya kicheko cha watu ni kwamba alikumbuka kila mara alipoambiwa na mara zote alikuwa ameomba chumvi. "Samahani, Ardis," alisema. Ardis alimpa ndoo, akamwambia maji yamepoa, alete ya moto.

Hakuitwa tena kuwa jaji. Kamati ilirekebisha kanuni, na sasa zina ukurasa mzima juu ya wake. Wateja aliowavua nguo walinuna majira yote ya baridi, na Verlyn alianza kuamini kazi imekufa. Kisha theluji ikayeyuka, na asubuhi moja gari la kukokota trela likaingia uwanjani kwake, namba zake za kaunti ya mbali ambako Verlyn hakuwahi kupata mteja hata mmoja. Alikuwa anaogesha ndama, mabuti yamejaa maji. Aliweka mpira wa maji chini, akajifuta mikono, akatengeneza kofia. Miaka thelathini alikuwa amengoja mtu wa mbali aje kumtafuta kwa jina.

Dereva aliteremsha kioo.

"Samahani, mzee. Hapa ndipo kwa Ardis?"

"Ndipo."

"Tumesikia habari zake mpaka kwetu. Wewe ni mfanyakazi wake?"

Verlyn alimtazama yule mtu, akautazama mkono wake wa kulia uliokuwa umejikunja kwa baridi ya maji.

"Mimi ni mumewe," alisema. "Ngoja nimwite."